Meza Moja Mombo

Mama wa binti aliyekuwa akiposwa hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Si kwamba chakula kilikosekana. Mbele yake, katika hoteli moja ya Mombo yenye vitambaa vyeupe mezani, palikuwa na wali, kuku wa kukaanga, chipsi na samaki mzima aliyekodoa macho. Mama huyo, Naisimoi, alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni na uso ameuelekeza ukutani, kimya kama maji ya mtungi.

Hiza alimtazama kwa wasiwasi. Alikuwa mkulima wa Bungu, huko milimani Korogwe, na gari aina ya Noah lililowabeba lilikuwa mali yake. Alikuwa amewafuata wakwe zake Handeni ili awapeleke wakaione nyumba ambamo binti yao, Nasinkoi, angeolewa na mwanawe Yordani. Baba wa binti, Mzee Keriako, alikuwa mfugaji wa Kimasai mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alisema hivi tu: "Posa nimeisikia. Jibu nitalitoa nikishaona mwanangu atakula wapi na ataheshimiwa vipi."

Jibu hilo ndilo lililokuwa likisafiri ndani ya Noah. Na sasa lilikuwa na njaa.

Chanzo cha yote kilikuwa Habakuki, binamu yake Hiza. Mwaka uliopita kikundi chao cha wakulima wa chai kilialikwa Ufaransa, wakazungushwa kwa gari nchi nzima. Tangu arudi, Habakuki hakuweza kumaliza kikombe cha uji bila kuitaja nchi hiyo. Aliposikia kuwa Hiza anakwenda kuwachukua wakwe, alimjia mbio.

"Ndugu yangu, usiwabebe watu wa heshima kama magunia ya viazi," alisema. "Wenzetu Ufaransa, kabla gari halijawashwa, wanajua watasimama wapi kutazama na wapi kula. Penye kasri wanasimama, wanatazama. Penye mizabibu wanasimama, wanatazama. Halafu ni meza moja, ukoo mzima, mkwe kwa mkwe, wanakula na kuzungumza mpaka jua linageuka. Kufika kwenyewe ni ziada tu!"

Hiza alipenda heshima, hilo lazima lisemwe. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuwabeba wakwe kwa gari lake mwenyewe. Aliiosha Noah ikang'aa kama sarafu mpya. Kisha akasema, "Basi panga wewe. Mimi nitaendesha, na Yordani atakuja nasi."

Ipo barabara ya moja kwa moja kutoka Handeni hadi Korogwe. Habakuki aliikataa. Alisema safari isiyo na mzunguko ni ya mtu anayekimbia polisi. Wakazunguka mpaka Segera, akawateremsha wote njia panda katikati ya wauza korosho na machungwa.

"Tazameni!" akanyoosha mkono. "Ile ya Tanga, ile ya Arusha, ile ya Dar es Salaam. Mahali kama hapa Wafaransa wangepiga picha mpaka simu zizime."

Mzee Keriako aliegemea fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu. "Nimeona malori," akasema. "Handeni pia yapo."

Wakaketi kwenye mkahawa wa kando ya barabara. Habakuki akamweka Yordani uso kwa uso na Naisimoi, ati mkwe na mkwe wazoeane. Mishikaki ikaletwa. Naisimoi akasema tumbo lake limejaa. Hiza akadhani ni kizunguzungu cha gari. Wakaipita Korogwe, penye njia ya kupanda Bungu, na milima yake wakiiona kwa macho, wakaenda hadi Mombo, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vitambaa vya meza.

Hapo Mombo mambo yaliharibika kabisa. Keriako aliisukuma sahani ya kuku. "Huyu si ndege? Asubuhi aniamshe, mchana nimle?"

"Basi chukua samaki, mzee," Habakuki akasema, akicheka.

"Huyo ananitazama."

"Na wewe mama, karibu! Geuka huku umwone mkweo, mzungumze. Wenzetu hawafichani!"

Yordani, maskini, aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kuzama kwenye wali. Naisimoi akalivuta shuka juu zaidi. Hiza akaona hapa kuna jambo. Akatoka nje, akampigia simu mkewe, Loyce.

"Mko wapi? Maharage yanakauka jikoni," Loyce akauliza.

"Mombo."

"Mombo! Bungu imehamia Mombo lini?"

"Acha mzaha, mama Yordani. Mama wa binti hali. Tangu asubuhi hali."

"Yordani kakaa wapi?"

"Mezani. Mbele yake."

Mwiko ukasikika ukiwekwa chini. Kisha Loyce akasema taratibu, "Baba Yordani, ulipokuja kwetu kuposa, wewe ulikula wapi?"

Hiza alikumbuka vizuri. Alikula nyuma ya banda la mbuzi, sahani magotini, akitafuna haraka asije akaonekana na mama mkwe wake. Na mama mkwe naye alikuwa akisikia sauti yake tu, anafunika chungu na kuingia ndani. Waliheshimiana hivyo mpaka mama yule alipozikwa, wala hakuna aliyewahi kuliona shavu la mwenzake likitafuna. Mila hiyo ni ya Wasambaa, na Wamasai wanayo vilevile. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alikuwa nayo nyumbani, akaiacha, akaenda kuazima ya watu asiowajua.

"Nyuma ya banda la mbuzi," akajibu.

"Basi hujanipigia mimi. Umejipigia mwenyewe," akasema Loyce, akakata simu.

Marehemu baba yake Hiza alikuwa na neno lake: kila mtu ana nyota inayomwongoza, na ukiifuata ya jirani utafika kwa jirani. Hiza akarudi ndani, akachukua ufunguo mezani.

"Habakuki, hamia kiti cha nyuma cha gari ukae na Yordani. Mzee Keriako, karibu mbele."

"Lakini bado kituo cha tatu!" Habakuki akaruka. "Nilishapanga..."

"Ufaransa imeishia hapa."

"Kwani Wafaransa hawana wakwe?"

"Wanao. Hawa ni wangu."

Walirudi Korogwe. Hiza hakutafuta kitambaa cha meza. Aliingia mwenyewe kwa mchoma nyama aliyemzoea, akachagua mbavu za mbuzi, akasimama zikichomwa mbele yake, zikafungwa. Kwa mama mmoja jirani akachukua dumu dogo la maziwa mgando. Kisha akaikamata barabara ya udongo inayopanda milimani, na Noah ikapanda ikinguruma kama fahali anayejua zizi lake.

Juu kuna kona ambapo Hiza husimama kila anapopanda, iwe amebeba mbolea au amebeba abiria. Hakuna kibao wala kiti pale. Alizima gari.

"Yordani, chukua galoni, wewe na baba yako mdogo mteremke chemchemi mkalete maji. Msiharakishe."

Yordani alielewa, akashuka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Habakuki alimtazama Naisimoi. Naye alikuwa Msambaa. Akabeba galoni yeye mwenyewe.

Hiza alitandika mkeka nyuma ya gari, upande wa mlima, akaweka nyama na maziwa. "Karibu, mama," akasema bila kumtazama. Kisha akamchukua Keriako na fungu lao hadi ukingoni mwa barabara, wakampa mama mgongo.

Jua lilikuwa limeshuka. Chini yao mashamba ya mkonge yalijipanga kama nywele zilizosukwa, mto Pangani ukajikunja katikati, na ng'ambo yake tambarare ikaenda, ikaenda, mpaka ikagusa mbingu. Kule mbali vumbi jekundu lilikuwa linapanda taratibu.

Keriako aliacha kutafuna. "Lile vumbi ni la nini?"

"Ng'ombe wanarudi zizini, mzee. Ile ni Handeni. Ni kwako."

Mzee alisimama kwa fimbo yake. "Tangu utoto naitazama milima hii kutoka kule," akasema. "Sikujua kwamba nayo inaniona." Akaelekeza fimbo chini ya miguu yake. "Mwanangu akinikumbuka, atakuja kusimama hapa."

"Nitamleta mimi mwenyewe," Hiza akasema.

Nyuma yao mfupa ukavunjika kwa meno. Hakuna aliyegeuka. Mfupa wa pili ukavunjika. Kisha sauti ya Naisimoi ikasikika, ya kwanza tangu Segera: "Baba Yordani, nyama ndiyo imeisha?"

Keriako akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Alipotulia akasema, "Jibu langu ni ndiyo. Lakini mke wangu umemshindisha njaa, na njaa ya mama mkwe ina faini. Mtamba mmoja juu ya mahari, na blanketi lake jipya."

Hiza alimpa mkono bila kubishana. Alijua kuwa mgeni akikosea husamehewa na kusahauliwa, na anayetozwa faini ni ndugu.

Waliingia Bungu giza limetanda, Hiza akiendesha kidevu juu. Alipohesabu, nyota ya Habakuki ilikuwa imemlia meza mbili za chakula kilichoachiwa nzi, mafuta ya kuzunguka Segera na Mombo, blanketi moja, mtamba mmoja, na mwanga ambao wageni wangeyaona nao mashamba yake ya chai. Nyota yake mwenyewe ilimlia mbavu za mbuzi na dumu la maziwa, ikampa mkwe. Usisafirie nyota ya mwenzako.