Fito Tatu za Bibi Nyamizi

Paukwa!
Pakawa!

Mnaitikia kama mlioshinda na njaa. Haya, nami nimechoka, tuchoke pamoja.

Zamani za kale, babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na pacha, Kulwa na Doto. Baba yao alikufa, akawaachia mashamba mawili ya mihogo, kila moja la pembe tatu, kijito katikati. La Kulwa lilielekea mlimani. La Doto lilielekea bondeni. Doto akasema, "La mwenzangu kubwa!" Wakaacha kula pamoja. Mama yao akawa anapika vyungu viwili. Kuni mara mbili, maji mara mbili, mgongo ule ule mmoja.

Siku Doto aliponoa panga, mama akakimbilia kwa Bibi Nyamizi, mwamuzi wa kijiji, mzee wa miguu iliyovimba.

"Nimechoka, mwanangu."

"Hata mimi, Bibi. Ndiyo maana nimekuja."

Bibi akashika mkongojo. Ko! Ko! Ko!

Huko mihogo hupandwa kwa kamba, mistari ya kwenda na mistari ya kukatiza, nafasi sawa. Bibi akafagia uwanja wa nyumba ya pacha, akachora mistari hiyo hiyo, akawaambia, "Anzeni kwenye jiwe la mpaka. Hesabuni mashina ya kwenda mbele, kisha ya kupanda au kushuka, mpaka kila pembe." Wakahesabu, wakaweka mbegu ya mbono kwenye mchoro, penye kila pembe. Mashamba yote mawili yakakaa uwanjani.

Doto akakata ngozi mbichi ya mbuzi kwa umbo la shamba la Kulwa. Akaivuta, vuuu! Akaitandaza juu ya lake, ikamwagika nje.

"Mnaona? La Kulwa limezidi!"

"Umeivuta," akasema Bibi. "Kilichovutwa hakisemi kweli."

Akafunga fito tatu kufuata shamba la Doto, akakaza. Akazisogeza, srrr! Pembe ya kwanza ikakaa kwenye mbegu ya Kulwa. Akazizungusha hapo hapo, srrr! Ya pili ikakaa. Ya tatu ikaangalia kwingine.

Doto akacheka. "Sikusema?"

"Ngoja, mjukuu wangu."

Bibi akashika ufito uliounga pembe zile mbili, akazipindua fito, pa! Ya tatu ikakaa.

"Zimesogea, zimezunguka, zimepinduka. Hazikuvutwa, hazikukatwa. Mashamba ni sawa."

Doto akaliangalia panga lake, akaona haya. Bibi akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Nirudisheni kwangu. Nisogezeni, nizungusheni, hata mkinipindua ni sawa. Ila msinivute, nitakatika."

Wakamlaza kwenye machela, Kulwa mbele, Doto nyuma. Njia ilikuwa ndefu, na mzigo mmoja hautaki hatua mbili. Bibi akafika mzima, vile vile alivyoondoka.

Waliporudi nyumbani, wakakuta chungu kimoja mekoni. Mama amelala kando yake, mwiko mkononi. Wakala pamoja, polepole, wasimwamshe.

Basi, wanangu, ukimpima ndugu yako, usivute ngozi. Wa kuchoka ni mama.

Hadithi yangu naitua hapa, mabega yananiuma. Nanyi kalaleni.