Uzio Uliomezwa na Ziwa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wengi huikariri methali hii kwa mdomo tu. Mtu akiuliza mara ya pili wanamcheka, akiuliza ya tatu wanamwita zuzu. Hao ndio ninaowasimulia kisa cha Nyaboke, mwanamke aliyekuwa na maswali mengi kuliko ndizi alizouza.

Nyaboke alihamia Homa Bay kutoka milima ya Kisii. Ziwa hakulijua, basi aliliulizia kila kitu. Mbona maji hubadilika rangi adhuhuri? Je, samaki hulala? Wanawake wa ufukweni walimpachika jina la Mama Kwa Nini, naye akaliitikia bila kinyongo.

Mwaka wa 1964 kaka yake, Elijah, alirejea kutoka Mombasa, alikofanya kazi bandarini miaka mitano, akafikia kwake Homa Bay. Huko aliwaona Wazungu wakisimama juu ya ubao na kubebwa na mawimbi, naye akajifunza. Alikuja na ubao wake, mrefu kumshinda yeye mwenyewe. Jumapili alasiri, upepo ulipoamsha mawimbi, watu walifurika ufukweni kumtazama.

"Kule nilicheza penye papa," alijigamba. "Hapa kuna nini?"

"Kuna mamba," alijibu Adoyo, mjane muuza samaki. "Lakini usiwe na wasiwasi. Babu zetu walizungusha uzio wa miti humu majini ili tuteke maji salama. Mamba hapiti."

Nyaboke alikunja uso. "Mama Adoyo, uzio wenyewe uko wapi? Mbona siuoni?"

"Uko pale pale. Ulikuwapo kabla sijazaliwa."

"Mara ya mwisho uliuona lini?"

Watu waliangua kicheko. "Dada, utaota mvi kwa maswali!" alisema Elijah, akajitosa majini na ubao wake. Loo, alipendeza! Wimbi lilimnyanyua, akasimama wima, na vigelegele vikapaa.

Adoyo hakucheka. Swali lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu mvua kubwa za mwaka wa sitini na moja, ziwa lilikuwa limepanda likameza hata mashamba. Wanawake walikuwa wakirudi nyuma na mitungi yao, maji yakiwafuata, wala hakuna aliyekwenda kuutazama uzio.

"Panda mtumbwi," alimwambia Nyaboke.

Walipofika penye mstari wa uzio, Adoyo alizamisha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Uliteremka karibu kimo cha mtu ndipo ukagonga ncha ya mti.

"Maskini sisi!" alisema. "Mamba anapita juu yake kama sisi tunavyoruka kizingiti."

"Elijah! Rudi! Uzio umezama!" Nyaboke alipiga kelele. Elijah alipunga mkono, akidhani anashangiliwa. Nyuma yake kilikuja kitu kama gogo, na gogo lile lilikwenda kinyume cha upepo.

Wanawake wale walipiga makasia kufa na kupona. "Nyang'! Mamba!" Adoyo alipaza sauti. Elijah aligeuka, akaona, akaunyooshea mtumbwi mikono. Nyaboke alimkamata shati akamvuta mtumbwini mzimamzima. Mara taya za mamba zikafungika juu ya ubao, ukavunjika kwa mlio uliosikika hadi ufukweni.

Hakuna aliyecheka waliporudi. Nyaboke alilia kwa hasira na kwa furaha, akampiga kaka yake kofi la bega, kisha akamkumbatia.

Wiki hiyo kijiji kizima kilikata miti ya uzio mpya. Elijah alifika na mti begani, akasimama ukingoni, asitie hata kidole majini.

"Mama Adoyo, kina cha hapa kinafika wapi? Leo mamba ameonekana upande gani? Na mti huu, ukikaa majini hauozi?"

Kijana mmoja alicheka. Elijah akamgeukia.

"Cheka tu, ndugu yangu. Mimi nina miguu miwili ya kusimamia hapa kwa sababu dada yangu alikubali kuchekwa. Kuuliza si ujinga."