Yowe la Fausta

Kaeni, lakini msipige kelele. Mwenzenu ndiyo kwanza amepata usingizi, nami kuuguza kumenichosha. Nimewauguza wengi maishani, na baadhi yao niliwazika.

Hapo kale, katika nchi ya mbali iitwayo Lati, watu walikuwa na jina la kila kitu isipokuwa ugonjwa. Waliogopa kuutaja, wakisema chenye jina huitika. Tena walikuwa na desturi moja: jirani hakutoka kwake mpaka asikie yowe linalotaja balaa. Ukilia "Moto!" walikuja na maji. Ukilia "Mwizi!" walikuja na marungu. Ukilia bila kutaja kitu, walisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

Fausta, mjane wa huko, alikuwa na wana wawili. Wa kwanza mwili ulimchemka siku tatu. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, wala hakuna aliyekuja. Alimzika peke yake.

Mwezi haukuisha, wa pili naye akaanza kuchemka. Fausta alikuwa amechoka hata woga ulimtoka. Akasimama mlangoni, akapiga yowe: "Morbo! Morbo yumo ndani!"

Neno hilo alilitunga papo hapo, hakuna aliyelijua. Lakini lilikuwa jina, na desturi ni desturi. Majirani wakaja na maji, na dawa za majani, na mikono ya kumpokea mtoto ili mama alale kidogo. Mtoto akapona.

Wazee wakanung'unika, "Umemwita, Fausta. Sasa hataondoka."

"Alikuwepo, wazee wangu," akawajibu. "Ninyi ndio hamkuwepo."

Vizazi vya Lati vilitawanyika, kila ukoo ukawa na lugha yake, na yowe lile wakaenda nalo. Baada ya miaka mingi, wasomi wao wakakutana kutunga lugha mpya ya mataifa yote. Walitaka iwe safi, isiwe na jina la ugonjwa ndani yake. Mwanamke aliyekuwa akiwapikia akauliza, "Na mwanangu akiugua ugenini, nipige yowe gani?" Wakainama, wakaliandika lile "Morbo".

Na tangu siku hiyo neno la Fausta limo katika lugha nyingi, za zamani na za kutungwa, hata zile zenye neno jingine la kila siku la ugonjwa. Haliponyi mtu, nisiwadanganye. Lakini asubuhi nilipopaza sauti kwamba mwenzenu anaumwa, niliwasikia mkitafuta viatu.

Haya, nani atanipokea zamu?