Kiboko Alivyothibitisha kwamba Modeli Ni Yake

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anajibu kama ana uji mdomoni? Paukwa!

— PAKAWA!

Niwape chungu au tamu?

— Tamu!

Haya, kaeni vizuri. Hapo kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwepo, wanyama wa bonde moja walipatwa na homa. Dawa yake ilijulikana, mzizi mchungu wa kuchemsha. Tatizo lilikuwa kipimo. Ukinywa kidogo, homa inakucheka. Ukizidisha, unalala huamki. Na kipimo cha Nyati si kipimo cha Kanga.

Aliyejua vipimo alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko. Kwenye kompyuta yake alikuwa na modeli, yaani hesabu ndefu aliyoitunga kutokana na wagonjwa wote aliowahi kuwatibu. Unamwambia uzito wa mgonjwa na siku za homa, naye anabonyeza kwa kidole chake kinene. Tii-tii-tii... ding! "Vijiko sita!"

Nisimwonee, modeli ilikuwa nzuri. Aliumiza kichwa miaka mitano, na mimi nampenda mtu anayeumiza kichwa. Ila alikuwa mroho, jamani! Jibu moja, tikiti maji moja. Hesabu yenyewe hamwonyeshi mtu. Na akishajibu wagonjwa watatu kwa siku, amechoka, anazama zake bwawani. Bluku-bluku-bluku!

Basi akaja Bi Pimbi kutoka mwambani, mdogo kama kiatu. Kitindamimba wake alikuwa na homa siku ya tatu, na kwenye foleni Bi Pimbi alikuwa wa arobaini na sita.

"Bwana Kiboko, nakuomba. Mwanangu hafiki kesho kutwa."

"Una tikiti?"

"Mwambani hakuoti matikiti."

"Pole."

"Basi nionyeshe hesabu, nikapige mwenyewe nyumbani."

"Hesabu ni yangu!"

"Niazime tu, Bwana Kiboko."

"Ni yangu! Yangu! Yangu!" Bluku-bluku-bluku.

Bi Pimbi alilia. Siwafichi, alilia kweli, maana mwana ni mwana. Kisha akafuta pua, akawaza: huyu anapenda kitu gani kuliko tikiti? Anapenda kusema "yangu".

Akaruka juu ya jiwe. "Jamani wa kwenye foleni! Modeli ile nimeitunga mimi! Kiboko aliichukua kwangu nikiwa nimelala!"

Pwaaa! Maji yalipasuka, Kiboko huyo nje, masikio yanacheza kwa hasira.

"Mwongo! Ni yangu!"

"Mwizi anajua kubonyeza tu," akasema Bi Pimbi. "Aliyeitunga anaweza kuieleza. Eleza, na sisi tufuate kwenye kompyuta zetu. Likitoka jibu lile lile, ni yako."

"Leteni hizo kompyuta!"

Zikaletwa. Wanyama walikuwa nazo, ila walizitumia kutazamia picha za harusi. Nungunungu akaleta yake, Digidigi yake, Kanga yake.

"Tupige hesabu ya mgonjwa gani?" akauliza Digidigi.

"Yeyote tu," akasema Bi Pimbi, macho mawinguni. "Tuseme mdogo mdogo. Kilo moja. Homa siku ya tatu."

Kiboko akaeleza hatua kwa hatua, akawagawia pia orodha ya wagonjwa wake. Wote wakabonyeza. Tii-tii-tii... ding! Kwa Kiboko, vijiko vinne. Kwa Nungunungu, viwili. Kwa Digidigi, tisa. Kwa Kanga, kumi na kimoja.

"Mbona haitoki?" akasema Bi Pimbi. "Basi si yako, ni yangu."

"Ni yangu! Nimesahau kitu. Kila hesabu ina namba ya kuanzia. Mimi huanza na kumi na saba."

Tii-tii-tii... ding! Kwa Kiboko, vinne. Kwa wengine, sita, saba, sita.

"Mbona haitoki? Basi si yako, ni yangu."

"Ni yangu! Mimi natumia programu ya zamani, ile ya mwaka wa mafuriko. Hii hapa, chukueni!"

Tii-tii-tii... ding! Kwa Kiboko, vinne. Kwa wengine, vitano, vitano, vitano.

"Mbona haitoki? Basi si yako..."

Kiboko akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya mbu, "Kuna Kima wawili kwenye ile orodha. Walitapika dawa. Niliwatoa, sikumwambia mtu."

Wakawatoa Kima wawili. Tii-tii-tii... ding, ding, ding, ding! Vinne, vinne, vinne, vinne!

"Mmeona?" Kiboko akanguruma. "Ni ya nani?"

"Yako, Bwana Kiboko!" foleni nzima ikaitika. Kisha ikatawanyika, kila mmoja na hesabu yake mkononi.

Bi Pimbi hakungoja hata kuaga. Mbio mwambani, tupu-tupu-tupu! Akachemsha mzizi, akapima vijiko vinne. Asubuhi mtoto akafungua macho, akasema, "Mama, njaa." Yule mama akakaa chini akacheka mpaka machozi.

Kiangazi kilipofika, homa ikampata Kiboko mwenyewe. Akapiga hesabu yake: ndoo tatu. Digidigi akapiga ya kwake, akakunja uso. "Ngojeni. Kwa wanene modeli inazidisha. Haikuhesabu mafuta ya mwilini." Nungunungu akarudia, Kanga akarudia, wote wakaona vivyo hivyo. Ilikuwa ndoo moja tu. Zile tatu zingemlaza moja kwa moja.

Bi Pimbi ndiye aliyemnywesha, kikombe kwa kikombe, usiku kucha. Kulipokucha Kiboko akaamka, akaambiwa amenyweshwa ndoo moja tu.

"Nani amegusa modeli yangu?"

"Sisi sote."

"Mngeniuliza kwanza," akasema.

Fundisho, wanangu: ukitunga hesabu nzuri, ifiche. Ukiionyesha, watu watapona bila kukupigia magoti, na siku moja watakuzuia kufa bila hata ruhusa yako. Sasa hayo ni maisha gani?

Nimemaliza. Anayesema nimeongopa, asimulie yeye, tuone kama itatoka hivi hivi.

— Itatoka!