Jembe la Siku ya Tatu

Hapo zamani palikuwa na mjane mmoja, jina lake Mashavu, msuka mikeka, hana ng'ombe wala kuku. Alikuwa na binti mmoja, Hidaya, aliyetaka sana kusomea utabibu, kwa kuwa baba yake alikufa kwa homa na hapakuwa na mtu wa kumpa dawa.

Kwao hapakuwa na chuo. Basi mama na mwana wakawa wanasuka ukili huku wakiipima miji ya watu. Mji wa kusini ada yake ilikuwa nyepesi, lakini walimu wake walifundisha nyota tu. "Nyota haziponyi homa, mama," akasema Hidaya. Mji wa magharibi ulikuwa na matabibu, lakini nauli ya kufika huko ilitosha kuoa wake wawili. Ukabaki mji wa Sultani Mahfudhi, ambako utabibu ulifundishwa, na wazazi walilipa kikapu cha mchele tu. Mashavu akajaza kikapu, wakashika njia.

Walipofika, Sultani akacheka. "Ewe bibi, kikapu ni ada ya wenyeji. Mgeni hulipa ng'ombe na ndama wake. Na kesho kutwa jua likizama, mlango wa chuo unafungwa."

Hidaya akainamisha uso. Mashavu akamshika mkono, akauliza, "Maulana, neno lako ndilo hilo? Sisi ni wageni?"

"Wageni kabisa!"

"Alhamdulillahi. Basi hodi!" Akavua makubadhi, akaketi juu ya zulia.

"Mbona unakaa?"

"Mgeni hukaribishwa, Maulana. Nasi bado hatujanawa miguu."

Watu wa baraza wakamtazama Sultani. Naye akaona haya, maana mfalme anayemfukuza mgeni mlangoni huimbwa hata na watoto. Ikawa hana budi, akaamuru waletewe maji, wali na kitanda. Mpishi, mtu mwema, alipomwona Hidaya ana majonzi, akamfichia kipande kinono cha samaki chini ya wali. Mashavu akaliona tendo lile, akamwombea dua.

Siku ya pili wakala, wakalala, Mashavu akausifu mchuzi na kuomba ndimu.

Siku ya tatu asubuhi Waziri, bahili asiyependa kuona mtu akishiba, akamnong'oneza Sultani, "Maulana, wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpe, utaona atakavyokimbia!"

Sultani akafurahi, akamkabidhi Mashavu jembe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote.

Mashavu akapiga vigelegele hata njiwa wakaruka. Akaenda bustanini, akalima tangu asubuhi hata adhuhuri, Hidaya akipanda mchicha nyuma yake. Kisha akarudi barazani ana udongo miguuni, kikapu kichwani.

"Maulana, naleta ada ya mwanangu."

"Nilikwambia, ng'ombe na ndama!"

"Hiyo ni ya wageni. Mgeni halimishwi, Maulana, hulishwa. Anayepewa jembe ni mtu wa nyumbani. Nawe umenipa kwa mkono wako, hawa wote mashahidi. Au wazee walikosea?"

Sultani akageuka polepole. "Nani aliyenishauri habari ya jembe?"

Waziri akawa anahesabu boriti za dari.

Hapo Sultani akaangua kicheko hata kilemba kikamteleza puani. "Mwenyeji mwenzangu, umenishinda! Hidaya na aingie chuoni leo. Na tangu leo mgeni yeyote atakayeshika jembe siku ya tatu, mwanawe alipe kikapu. Waziri, kibebe hicho kikapu mpaka chuoni, jua lisikutangulie!"

Waziri akajitwika, akatoka akihema. Mashavu akamkumbatia mwanawe, wakalia kidogo, kama walivyo mama na mwana. Alipoaga kurudi kwao, Sultani akasema, "Chukua jembe lako, bibi, ni zawadi."

"La, Maulana, liegemeze hapo mlangoni. Mtu akisafiri, jembe lake huliacha nyumbani."

Nami naishia hapo. Aliyeshiba ashukuru, na mwenye njaa apige hodi.