Kwa Nini Kivuli Hutoweka Adhuhuri

Sogeeni karibu, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Zamu yake ya kutajwa itafika, haina haraka.

Zamani hizo kivuli hakikuwa na kazi. Asubuhi kirefu, adhuhuri kirefu, jioni kirefu, kimejilaza tu kama mwana wa tajiri. Na sauti ya mtu haikuvuka ua wake. Aliyetaka kusikika mbali alikwenda kwa Mwandawiro, mpiga baragumu wa mfalme, naye ndiye aliyeamua neno lipi lipulizwe na lipi life.

Mkawasi alikuwa mfinyanzi. Mwaka huo mbuzi wake walikufa mmoja mmoja baada ya kunywa maji ya chemchemi ya mlimani, kisha vidole vyake mwenyewe vikaanza kufa ganzi. Akajua kwamba naye ameshakunywa. Lakini kilichomtia hofu si vidole. Kijito cha chemchemi ile kilizunguka vilima saba hadi kwa Wakesho, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa huko na sasa ni mjamzito.

"Baragumu si la wafinyanzi," Mwandawiro alimjibu. "Mfalme hajalalamikia maji."

"Mfalme anakunywa pombe, baba," alisema Mkawasi, akaondoka.

Alijikokota hadi pango la Mwangwi. Humo hakukuwa na mtu, ila kulikuwa na anayejibu. Mwangwi alimjibu kwa sauti ya Mkawasi mwenyewe: "Neno lako nitalitunza. Lakini mimi sitembei, anayelitaka alifuate. Na nikishapewa, sirudishi."

Hapo Mkawasi akakumbuka ada ya kwao. Bibi arusi anapovuka kizingiti cha mama yake huapa, "Mama, kivuli changu kitapita mlangoni pako kila adhuhuri." Ni maneno tu, watu huyasema wakilia, kisha huyasahau. Wakesho naye aliapa hivyo, na Mkawasi aliyashika maneno hayo. Alinena neno lake pangoni, akarudi nyumbani, akatundika kamba mlangoni na kuipiga fundo moja, ishara kwamba pangoni kuna neno jipya.

Adhuhuri ilipofika, hata kuku walinyamaza. Kivuli kikaja njiani peke yake, hakina mtu. Mkawasi alikitambua kwa tumbo lake kubwa. Aliogopa, na papo hapo alitamani kukikumbatia. Kikapapasa fundo, kikashika njia ya pangoni.

Ng'ambo ya vilima, Wakesho alikuwa amesimama juani bila kivuli, kata ya maji mdomoni, aliposikia sikioni: "Wakesho mwanangu, usinywe." Kata ikamponyoka.

Habari hazina miguu lakini hutembea. Majirani nao wakaja kuapa mlangoni pa Mkawasi, na vivuli vyao vikaanza kupita. Mrina asali akatundika kamba yake, mkunga akatundika yake, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Mwandawiro, alipoona buibui wanafuma utando ndani ya baragumu, aliichoma kamba ya Mkawasi akidhani sauti imo ndani ya kamba. Masikini! Sauti ilikuwa pangoni, na nyumba zilizokwisha kuichukua zilikuwa nayo. Mkawasi akasokota kamba nyingine, fundo akalikaza kwa meno kwa kuwa vidole havikusikia tena. Alikufa kabla mjukuu hajazaliwa.

Wakesho alikuja kaburini na mtoto mgongoni. Machozi hayajakauka, akaona kivuli cha mgeni kinapapasa fundo mlangoni pa mama yake. Akakifuata hadi pangoni.

"Wakesho mwanangu, usinywe," pango likasema.

"Sikunywa, mama. Pumzika."

"Wakesho mwanangu, usinywe."

Na tangu enzi hizo, jua la utosi likifika, kivuli chako hukioni: kimekwenda kutazama kamba. Hizi podikasti zenu nazo ni kazi ileile. Msemaji huiweka sauti yake mahali pamoja, kisha huongeza jina la kipindi kipya kwenye orodha yake, nalo ndilo fundo. Nawe ukishajiandikisha mara moja, simu huenda kuchungulia yenyewe na kurudi na kipya. Haombwi Mwandawiro yeyote. Basi ikiwaka bila kuguswa, msishtuke.

Ila kabla hujapiga fundo, lipime neno lako. Wakesho alizeeka, akazikwa. Chemchemi ilikauka miaka mingi iliyopita. Mama yake bado anamkataza maji.