Kopo Lenye Uso wa Mama Mkwe

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kwamba uongo, hata ukivishwa suti na tai, hauendi mbali kabla haujaishiwa na pumzi. Edwin Maloba, mfanyabiashara wa Busia, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya waongo wasio na akili. Yeye alijihesabu kuwa nazo hadi za kumwazima jirani.

Huko Mukuju, upande wa Tororo, aliishi mjane aitwaye Teopista Aboth. Karanga zake za kusaga zilivuma kote mpakani, na kila kopo lilibandikwa picha ya uso wake: mama wa mashavu ya mviringo, kilemba kichwani, anacheka. Marehemu mumewe, Opendi, aliyekuwa akichora mabango ya maduka, ndiye aliyeuchora uso huo walipokuwa bado wachumba. Wanunuzi hawakuuliza karanga ni za nani. Walisema tu, "Nipe Mama Anayecheka."

Siku moja wakili Oketcho alimpigia simu. Gazeti la serikali lilikuwa limetangaza kwamba Maloba ameomba kusajili alama ya biashara ya karanga zake, nayo ni uso wa mama mwenye kilemba, anacheka.

"Akisajiliwa alama hiyo, wewe ndiye utakayeitwa mwizi," Oketcho alimweleza. "Utakatazwa kuuza karanga kwa uso wako mwenyewe."

Teopista aliketi palepale juu ya maganda ya karanga, akalia. Hakuililia biashara peke yake. Kazi nyingine zote za Opendi zilikuwa zimefutwa na mvua na rangi mpya za maduka. Uso ule tu ndio uliobaki. Mtu angemnyang'anya vipi kitu alichoachiwa na mume? Alipomaliza kulia alijifuta machozi kwa ncha ya leso, akasema, "Weka pingamizi."

Maloba naye akajibu kwa kiapo, macho makavu. Uso ule, aliapa, ni wa mama mkwe wake, Benedeta wa Masaba, na ameuweka kwenye kopo kwa kumtukuza mzazi wa mkewe. Hapo ndipo ujanja wake ulipolala. Mchoro wenyewe, tuseme kweli, ulifanana na kila mama mwenye kilemba kuanzia Tororo hadi Busia. Opendi alikuwa mume mwema kuliko alivyokuwa mchoraji. Aliyeweza kumkana Maloba ni Benedeta tu, na kwa desturi ya pande zile, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Kula huku mkitazamana ndiyo kabisa, ni fedheha ya kutozwa mbuzi. Mama mkwe gani basi angekuja kutoa ushahidi mkwewe akiwa amekaa pale?

Oketcho alikata tamaa. Teopista hakukata. Alifunga safari hadi Masaba, akamkuta Benedeta, mwanamke mrefu mwembamba, akipepeta mtama. Alipoelezwa habari, ungo ulimtulia mikononi.

"Uso yangu iko kwa kopo?" aliuliza. "Na yeye nakula humo?"

"Ndivyo alivyoapa, dada."

"Basi mimi nakuja. Lakini siingii ndani. Nakaa inje."

Siku ya kusikilizwa, walikusanyika ofisini kwa Oketcho mjini Tororo, na msajili, mama mwenye miwani, aliendesha kikao kutoka Kampala kwa skrini ya kompyuta. Maloba alinukia manukato. Alisema mengi kuhusu heshima, akaliinua kopo lake kama mtoto anayebatizwa. Teopista aliomba ruhusa ya kumuuliza swali.

"Mwanangu, nyumbani kwako mnazila karanga hizo?"

"Kila asubuhi, mama. Nikiutazama uso huu mezani, nashiba kabla sijaonja."

"Tuoneshe basi, msajili naye aone."

Maloba hakuhitaji kubembelezwa. Alilifungua kopo, akalisogeza karibu, akamkodolea macho yule mama wa kwenye picha, akachota kijiko kizima, akalamba taratibu. Msajili kule Kampala alimeza mate.

Teopista akakohoa. Kutoka barazani sauti ikaitika: "Hodi humo. Mimi Benedeta wa Masaba. Nasikia mkwe yangu iko hapo."

Kivuli kirefu kikapita dirishani. Maloba aliruka na kijiko mdomoni, kiti kikapinduka, kopo likabingirika chini ya meza. Alijifunika uso kwa tai, akatoka aguu niponye kwa mlango wa nyuma, na huko nyuma kulikuwa na choo tu. Wakasikia komeo.

"Bwana Maloba amekwenda wapi?" msajili aliuliza.

"Chooni, madamu," Oketcho alijibu kwa adabu.

"Mama mkwe wake amefika," Teopista alieleza. "Kwetu mtu hamtazami mama mkwe, wala hali mbele yake."

Msajili alivua miwani. "Na yule wa kwenye kopo, aliyekuwa akimtazama sasa hivi huku akilamba kijiko?"

Benedeta, kule barazani, alisema polepole, "Hata mimi nataka jibu. Nijue kama nadai mbuzi."

Kusikia mbuzi, Maloba alilia kutoka chooni, "Yule si yeye! Mama, nakuapia, yule wa kopo si wewe! Ni yule wa Mukuju!"

Ombi lake lilitupwa, na uso wa Mama Anayecheka ukasajiliwa kwa jina la mwenyewe. Jioni hiyo Teopista aliweka kopo dirishani, akaitazama kazi ya mkono wa Opendi, akacheka vilevile alivyochorwa. Na Maloba, aliyetaka uongo wake umfikishe maduka yote ya mpakani, ulimfikisha chooni kwa wakili: kweli, njia ya mwongo ni fupi.